Kabla ya barabara, watunza taa wa Split Rock waliishi kwa mashua

Swali la msomaji: Nimeona picha ya mnara wa taa uliojengwa ukingoni mwa jabali kando ya Ziwa Superior, Marekani. Jina lake limeandikwa Split Rock. Mimi ni mtoto wa nahodha, baba alikuwa na mashua ya mizigo, kwa hiyo macho yangu yalikwenda chini moja kwa moja. Sioni gati, sioni ufukwe, naona ukuta wa mwamba tu. Maelezo yanasema siku za mwanzo hapakuwa na barabara. Sasa walioishi pale walifikaje? Chakula na mafuta vilipandaje? Na kwa nini wajenge mahali ambapo chombo hakiwezi kufunga?

Jibu:

Ahsante sana, mtoto wa nahodha. Watalii wengi wanaofika Split Rock siku hizi huegesha gari, hutembea dakika chache, hupiga picha, kisha huondoka. Ni wachache wanaochungulia ukingoni na kujiuliza ulichojiuliza wewe. Macho yako hayakukudanganya. Taa iliwashwa mwaka 1910, barabara ikafika mwaka 1924, na katika miaka hiyo yote kila kilichokuwa juu ya lile jabali, kuanzia vyuma vya mnara hadi chumvi ya jikoni, kilitoka majini. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako limegusa jambo ambalo naona ndilo kiini cha maisha ya mnara ule. Watunza taa walilinda meli kubwa za watu wengine usiku kucha, ilhali wao wenyewe walitegemea mashua ndogo, na hatari yao ilikuwa humo.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Mnara wa taa hujengwa mahali ambapo meli inatakiwa ikae mbali napo. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Superior, upande wa Minnesota, ni mwamba mtupu kwa kilomita nyingi, na mbele yake kuna maji yenye kina kirefu hadi karibu kabisa na nchi kavu. Ukiliwazia ziwa hilo kwa kipimo cha Victoria utakosea kidogo. Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Superior lina zaidi ya 82,000. Victoria kina chake hakifiki hata mita 90. Superior mahali pake pa kina zaidi panafika mita 406. Maji yake ni ya baridi hata katikati ya majira ya joto, na nje kidogo ya pwani hubaki kwenye nyuzi chache tu za Selsiasi sehemu kubwa ya mwaka. Shika jambo hilo la baridi, nitalirudia.

Mwishoni mwa karne ya 19 pwani hiyo ikawa njia kuu ya madini ya chuma. Meli ndefu zilipakia kwenye bandari za Duluth na Two Harbors, zikavuka ziwa kuelekea viwanda vya chuma upande wa mashariki. Na miamba ile ina madini yanayovuta sindano ya dira. Nahodha aliyekuwa akifuata dira yake kwa uaminifu, usiku wa ukungu au theluji, angeweza kujikuta karibu na nchi kuliko alivyodhani. Hebu fikiria: chombo unachokitegemea kuliko vyote ndicho kinachokupeleka mwambani.

Mwisho wa Novemba 1905 ikaja dhoruba ambayo watu wa ziwa lile wanaitaja hadi leo kwa jina la meli Mataafa, iliyovunjika mbele ya macho ya watu wa Duluth kwenye mlango wa bandari. Tisa kati ya mabaharia wake walikufa palepale, karibu na nchi kiasi cha kuonekana. Katika dhoruba hiyo vyombo 29 viliharibika au kupotea kabisa. Viwili vilikuwa karibu na mahali ulipo mnara sasa: meli William Edenborn, na tishari Madeira iliyokuwa ikivutwa nayo. Kamba ya kuvutia ilikatwa, Madeira ikabaki peke yake na mawimbi, yakaipigiza kwenye jabali la Gold Rock. Baharia mmoja, Fred Benson, aliruka kutoka kwenye sitaha hadi mwambani akiwa ameshika kamba, akapanda, akaiteremsha kwa wenzake. Kati ya watu 10 waliokuwemo, 9 waliokoka. Nimesoma maelezo ya ajali nyingi za meli, lakini ile picha ya mtu anayerukia ukuta wa jiwe katikati ya theluji, kamba mkononi, hainitoki.

Wenye meli wakaenda Washington kudai taa. Mwaka 1907 Bunge la Marekani likaidhinisha dola 75,000, na mwaka 1909 ujenzi ukaanza.

Sasa tufike kwenye lile ulilotaka kulijua. Jabali lina urefu wa mita 40 hivi kutoka majini. Mhandisi kijana aliyesimamia kazi, Ralph Russell Tinkham, alikuwa na tatizo ambalo mtu wa mizigo atalielewa upesi: matofali, saruji, vyuma, mbao, kokoto, mamia ya tani, vyote vimeletwa kwa chombo, na chombo hakina pa kufunga. Suluhisho lilikuwa kreni ya mvuke iliyosimikwa ukingoni kabisa mwa jabali, mkono wake ukining'inia juu ya maji. Chombo cha mizigo kilisubiri siku ya maji matulivu, kikasogea hadi chini ya mkono huo, kamba ikateremka, mzigo ukafungwa, ukapaa. Upepo ukibadilika ghafla, kazi iliachwa hapohapo na chombo kikakimbilia maji ya wazi, kwa sababu kukaa chini ya ukuta ule wakati wimbi linapiga ni kujitakia mauti. Na usisahau kwamba kabla ya kreni kunyanyua chochote, kreni yenyewe na boila lake vilipaswa kufikishwa juu. Mafundi walilala kwenye mahema. Baridi ilipokaza walisimamisha kazi, wakairudia majira ya kuchipua.

Tarehe 31 Julai 1910 taa ikawashwa. Mnara wenyewe si mrefu, mita 16 na kitu tu, wa pembe nane, matofali ya rangi ya krimu juu ya kiunzi cha chuma. Jabali ndilo lililoupa urefu: taa iko karibu mita 51 juu ya usawa wa ziwa. Kiofisi ilihesabiwa kuonekana maili 22, yaani kilomita 35 hivi, lakini wavuvi wa Grand Marais, karibu kilomita 100 kutoka pale, walisema waliiona usiku wa anga safi.

Waliohamia hapo walikuwa watunza taa watatu: mkuu na wasaidizi wawili, kila mmoja na nyumba yake ya matofali, tatu zimejipanga nyuma ya mnara. Mkuu wa kwanza aliitwa Orren Young, watu walimwita Pete, na alikaa hadi mwaka 1928. Walifungua kituo mara barafu ilipoachia njia ya meli, kwa kawaida Aprili, na kukifunga Desemba usafiri ulipokoma. Wakati wa baridi kali hapakuwa na meli ya kulindwa, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukaa.

Utaniuliza watu watatu walifanya nini kutwa nzima. Kazi yao ilianzia kwenye karabai. Ndiyo, karabai. Taa ya Split Rock tangu 1910 hadi umeme ulipofika mwaka 1940 ilifanya kazi kwa namna ileile ya karabai za wavuvi wetu wa dagaa: mafuta ya taa yanasukumwa kwa mgandamizo, yanageuka mvuke, yanawaka ndani ya kile kifuko cha kitambaa hadi kinang'aa mweupe. Tofauti iko kwenye lenzi. Ilitengenezwa Paris na kampuni ya Barbier, Bénard na Turenne, kubwa kuliko mtu, ya vioo vilivyochongwa na kupangwa pande mbili kama kombe la chaza lililofunguka. Vioo hivyo hukusanya mwanga wote wa taa ile ndogo na kuutupa mbele kama mkuki. Lenzi nzima inaelea juu ya zebaki iliyomo kwenye bakuli la duara, kwa hiyo ijapokuwa ni nzito sana, inazunguka kwa kusukumwa kidogo tu. Duru moja ni sekunde 20, na kwa kuwa ina pande mbili, baharia aliye mbali anaona mmweko mmoja kila sekunde 10. Hiyo ndiyo ilikuwa saini ya Split Rock. Nahodha alihesabu, akajua yuko wapi bila kuiuliza dira.

Kilichozungusha lenzi ni mtambo kama wa saa kubwa ya ukutani: jiwe la uzito linateremka polepole katikati ya mnara, na kadiri linavyoteremka ndivyo linavyozungusha magurudumu. Kila baada ya saa mbili mtu alipaswa kuushika mkono wa mtambo na kulipandisha upya. Usiku wa Novemba una saa kumi na nne za giza, hesabu mwenyewe. Ndiyo maana walikuwa watatu, wakipokezana zamu. Aliyelala zamuni alikuwa ameziacha meli zisome mwanga uliosimama, na mwanga uliosimama ni mnara mwingine, wa mahali pengine.

Asubuhi taa ilizimwa na mapazia yakavutwa kuzunguka chumba cha juu. Wageni hudhani mapazia ni pambo. La hasha. Lenzi inayoweza kukusanya mwanga wa taa na kuutupa kilomita 35 inaweza pia kukusanya jua na kulielekeza ndani, ikachoma chochote kilichopo. Baada ya hapo ni kufuta: vioo kimoja kimoja, shaba yote hadi ing'ae, madirisha ndani na nje, masizi ya usiku. Kuna na kuchota mafuta kwenye ghala lililojengwa kando kwa kuogopa moto, na kuandika daftari la kituo: upepo, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, meli iliyofika. Kama ukungu ulishuka, hapo hapakuwa na kulala kwa yeyote aliye karibu. Kulikuwa na jengo zima la ving'ora viwili vilivyoendeshwa kwa injini za petroli, na mlio wake ulisikika maili tano hivi. Wimbi la ukungu katika ziwa lile hukaa siku nzima, hata zaidi. Nafikiria wake na watoto waliokuwapo majira ya joto, sahani zikitetemeka mezani, mazungumzo yakikatika kila king'ora kinapolia na kuendelea pale yalipoishia.

Familia, kwa miaka ile ya kwanza, zilikuja zaidi shule zilipofungwa. Hapakuwa na shule jabalini na hapakuwa na njia ya kwenda shuleni. Kwa hiyo mtunza taa alikuwa mume na baba wa majira ya joto, na kuanzia vuli alibaki na wenzake wawili. Idara yao iliwapelekea vitabu: tangu mwaka 1876 kulikuwa na masanduku ya maktaba yaliyosafirishwa kutoka mnara hadi mnara kwa meli ya huduma. Mkimaliza lenu, linachukuliwa, mnaachiwa jingine.

Hiyo meli ya huduma ndiyo iliyokuwa tumbo la kituo. Upande ule wa ziwa iliitwa Amaranth. Ilileta madebe ya mafuta ya taa, makaa ya mawe, rangi, vipuri, vyakula vya akiba, na mara nyingine mkaguzi, ambaye alikagua hata jikoni. Ilikuja mara chache tu kwa msimu. Siku ya Amaranth ilikuwa siku ya mgongo kuuma: kreni ileile ya ujenzi iliachwa pale ifanye kazi hii, mzigo unapaa pakiti kwa pakiti huku meli ikijitahidi isisogezwe na mkondo. Mwaka 1916 hivi wakapata nafuu. Ilijengwa reli ya mteremko iliyopanda kutoka majini, na toroli likavutwa kwa winchi yenye injini. Kuanzia hapo mzigo haukuning'inia tena hewani.

Lakini mtu haishi kwa meli inayokuja mara chache. Barua, nyama, unga ukiisha, dawa, habari za nyumbani: kwa hayo kulikuwa na njia mbili, na zote mbili za mashua.

Ya kwanza ilikuwa kuilaki meli ya pwani. Kuanzia mwaka 1902 meli iitwayo America ilipita pwani hiyo kutoka Duluth kuelekea Kanada, ikibeba abiria, barua, bidhaa, na kukusanya samaki wa wavuvi. Vijiji vingi havikuwa na gati, basi meli haikufunga. Ilipunguza mwendo nje, ikapiga honi, na watu wakatoka kwa makasia kuifuata. Mtu mmoja anashika ubavu wa meli, mwingine anainua kreti la samaki hadi mlango wa pembeni, kutoka ndani mkono unateremsha mfuko wa barua au gunia la sukari. Dakika chache, imekwisha, meli inaondoka. Wewe uliyekulia kwenye mashua unajua inavyokuwa kusimama kwenye kijichombo kinachopanda na kushuka ubavuni mwa chombo kikubwa kilichotulia, ukipokea kitu usichotaka kilowe. Chini ya mnara, upande wa kusini-magharibi, kulikuwa na makazi madogo ya wavuvi wa Kinorwei mahali paitwapo Little Two Harbors, na hao ndio waliokuwa majirani wa karibu zaidi wa watunza taa. America yenyewe iligonga mwamba na kuzama katika kisiwa cha Isle Royale mwezi Juni 1928. Watu wote waliokolewa. Alikufa mbwa mmoja aliyekuwa amefungwa.

Ya pili ilikuwa kwenda wenyewe, kwa mashua ya kituo, hadi kijiji cha Beaver Bay maili chache kaskazini-mashariki. Ni safari fupi, na hapa ndipo moyo wangu hunisimama kila mara ninaposimulia habari za Split Rock.

Mapema Oktoba 1910, taa ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu, wasaidizi wote wawili walichukua mashua kwa tanga kwenda kufuata barua. Hawakurudi. Mashua ilipatikana, wao hawakuonekana tena. Young alikuwa amewaonya zaidi ya mara moja wasiifunge demani.

Kwa wasomaji wasio wa majini: demani ni ile kamba ya kuvutia tanga, inayotoka kwenye ncha ya tanga na kuja mkononi mwa anayeendesha. Katika mashua ndogo hushikwa mkononi. Upepo ukija kwa kishindo, unaiachia, tanga linapepea ovyo kama nguo kwenye kamba, nguvu yote inamwagika, na mashua inasimama wima. Ukiwa umeifunga kwenye ubao, upepo hauna pa kutokea, unalilaza tanga na mashua pamoja nalo. Fundi aliyenifundisha kuendesha mashua alikuwa ananigonga vidole kila akiona nimeizungushia demani kigingini. Nilikuwa nachoka mkono, nami nilidhani ni ukali tu wa wazee. Anayeijua kazi hii hatawalaumu vijana wale wawili haraka. Mkono huchoka kweli. Upepo hutulia kwa saa nzima, unaona kama umekubaliana nao. Na chini ya majabali kama yale upepo hauji kwa mpangilio: unakatika ukutani, kisha unashuka kwa mkupuo mmoja.

Sasa rudi kwenye ile baridi. Katika maji ya joto mtu aliyepinduka ana nafasi. Anaishika mashua, anangoja, anaogelea. Katika Ziwa Superior mwezi Oktoba vidole hukataa kushika baada ya muda mfupi, na pumzi hukata mara tu unapoingia. Tena maji yanapokuwa ya baridi kiasi hicho, vijidudu vinavyozalisha gesi ndani ya mwili hufanya kazi kwa udhaifu sana, kwa hiyo mwili haurudi juu. Ndiyo maana familia nyingi za ziwa lile hazijapata kaburi la kulizuru.

Mzee Young alibaki jabalini, na taa iliendelea kuwaka hadi mwisho wa msimu. Mnara ule haukupoteza watu wake kwa dhoruba kubwa iliyouzaa. Uliwapoteza katika safari ya kawaida ya kufuata barua.

Nisikuache ukidhani Split Rock ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kwa watunza taa wa Superior ilikuwa kituo chenye raha: kuna ardhi ya kutembea, msitu, majirani. Mnara wa Stannard Rock, uliowashwa mwaka 1882, umesimama juu ya mwamba uliofichika majini, karibu maili 24 kutoka nchi kavu. Hapo uwanja wako ni sakafu ya saruji, na ukitaka kutembea unazunguka mnara. Rock of Ages, karibu na Isle Royale, ni hivyohivyo. Mei 1933 meli ya abiria George M. Cox ilipanda mwamba huo katika ukungu. Watu zaidi ya 120 wakaokolewa kwa mashua hadi kwenye mnara wenye nafasi ya watunza taa wachache, wakalala usiku ule wamekaa kwenye ngazi za mzunguko, kila ngazi na mtu wake, wakipokezana kuingia ndani kwenye joto. Hakufa hata mmoja. Ukitaka kujua mashua ya kituo ilikuwa na thamani gani, ni hiyo.

Barabara ya pwani ilipofika Split Rock mwaka 1924, mambo yaligeuka upesi. Barua zikaja kwa magurudumu. Familia zikaweza kukaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1934 kituo kilikuwa kimepata lori, na ile reli ya mteremko haikuwa na kazi tena. Na wageni wakaanza kumiminika, wengi kiasi kwamba mtunza taa aliyekesha zamuni alikuta asubuhi ana kundi mlangoni linalotaka kupandishwa juu. Mwaka 1939 Walinzi wa Pwani wa Marekani walichukua minara yote ya nchi. Rada na vifaa vya redio melini viliendelea kupunguza haja ya taa, na mwaka 1969 Split Rock ikazimwa rasmi. Sasa kituo kiko chini ya Jumuiya ya Historia ya Minnesota, kimerudishwa kilivyokuwa miaka ya 1920, lenzi ileile ya Paris ikiwa mahali pake na bado inazunguka. Kila tarehe 10 Novemba huwashwa kuwakumbuka mabaharia 29 wa meli Edmund Fitzgerald iliyozama usiku huo mwaka 1975, na majina yao husomwa huku kengele ikigongwa.

Ukijaliwa kufika, fanya kinyume na wanavyofanya wengi. Usianzie juu. Kuna ngazi ndefu ya mbao, vidato 170 hivi, inayoshuka kando ya njia ya ile reli ya zamani. Njiani utaona misingi ya saruji iliyobaki, imeota kuvu, toroli lilipokuwa likipita. Chini kabisa kuna kibanda kidogo cha pampu na ukanda mwembamba wa mawe. Simama hapo uyape maji mgongo, utazame juu. Kutoka hapo utaona lile walilokuwa wakiliona wao kila walipokuwa na mzigo ndani ya mashua na giza likiingia. Kisha geuka utazame kaskazini-mashariki, upande wa Beaver Bay. Siku ya maji matulivu panaonekana karibu sana.